Niambie Hiyo Dawa Inaweza Kunifanya Nini, Mimi Si Mtoto

Wasee, leo nina ugomvi na bahasha. Ile bahasha ndogo ya kaki ya kemisti. Unajua vile huenda: unataja dawa, mhudumu anatoa boksi kwa rafu, anachukua makasi, anakata kipande chenye vidonge kumi, anakitumbukiza kwa bahasha, anaandika "1 x 2" na kalamu, anakwambia "meza baada ya kula," unalipa na simu, unaenda zako. Boksi linabaki pale. Na ndani ya boksi inabaki ile karatasi iliyokunjwa mara nane, yenye maandishi madogo kama sisimizi, inayoeleza dawa hiyo inaweza kukufanya nini. Yaani onyo liliandikwa kiwandani, likavuka bahari, likashuka Mombasa, likapanda lori hadi mtaani kwenu, halafu likafia kaunta.

Majuzi niliomba hiyo karatasi kwa kemisti moja. Nikaulizwa, "Ya nini? Kwani wewe ni daktari?" Sitataja ni wapi, maana ningeweza kupata jibu hilo hilo kwa kemisti kumi nyingine. Lakini swali lenyewe nalijibu hapa. La, mimi si daktari. Mimi ndiye nitakayemeza.

Ili tusibishane hewani, nimechagua ugonjwa mmoja unaoonyesha vile huu ukimya unaumiza watu: lupasi inayoletwa na dawa. Sijauchagua kwa sababu ndio unaoua wengi. Nimeuchagua kwa sababu silaha kubwa ya kuugundua si mashine. Ni swali moja la bure: "Unameza dawa gani, na tangu lini?" Mtu asipoulizwa hilo swali, au akiulizwa na hajui jibu kwa sababu bahasha iliandikwa "1 x 2" peke yake, anaweza kuhangaika miezi na miezi, na kumbe shida iko kwa kabati lake.

Kwanza tuelewane lupasi ni nini. Mwili una mfumo wa kinga wa kupambana na vijidudu. Kwa mtu mwenye lupasi, huo mfumo unageuka na kuanza kushambulia mwili wenyewe. Ni kama askari wa geti kuanza kuwapiga virungu wenye nyumba. Unaweza kushambulia viungo, ngozi, figo, damu, moyo, mapafu, hata ubongo. Kati ya watu kumi wenye lupasi ya kawaida, karibu tisa ni wanawake, na mara nyingi huwapata wakiwa katika umri wa kuzaa. Haina tiba ya kuimaliza kabisa, lakini kuna dawa za kuituliza, na watu wengi wanaishi nayo, wanafanya kazi na kulea watoto. Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi, homoni na mazingira. Kwa wengi wenye lupasi, dawa hazikuhusika kabisa. Shikilia hiyo, nitairudia.

Sasa, kuna binamu yake. Mtu anameza dawa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa, tuseme presha, kifafa au TB. Anameza wiki kadhaa, miezi, wakati mwingine hata miaka, bila tatizo. Halafu viungo vinaanza kuuma. Misuli inauma. Homa inakuja na kwenda. Anachoka bila sababu, anapungua uzito. Wengine wanasikia kifua kikichoma wakivuta pumzi ndefu, kwa sababu utando unaozunguka mapafu au moyo umevimba. Figo na ubongo mara nyingi huachwa salama, tofauti na lupasi ya kawaida. Na hii ndiyo tofauti kubwa kuliko zote: dawa iliyoileta ikisimamishwa, dalili kwa kawaida hupungua na kuisha ndani ya wiki au miezi.

Umeipata hiyo? Ni lupasi ambayo inaweza kuisha. Lakini itaisha tu kama kuna mtu ameshuku dawa.

Na usidhani haya ni mambo mapya yaliyogunduliwa juzi. Ripoti ya kwanza iliyohusisha dawa na hali kama lupasi ilitoka mwaka 1945, na dawa yenyewe ilikuwa salfadiazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wakaanza kuiona kwa wagonjwa wa presha waliokuwa wakimeza haidralazini. Mwaka 1962 ikaja zamu ya prokainamaidi, dawa ya mapigo ya moyo yaliyoharibika. Yaani hizo zote tatu zilikuwa zimeandikwa kwa majarida ya madaktari kabla bendera ya Kenya haijapandishwa. Leo orodha ya dawa zilizowahi kutajwa imepita mia moja, ingawa zenye ushahidi mzito ni chache.

Wacha niwatajie zile ambazo Mkenya wa kawaida anaweza kukutana nazo.

Haidralazini ni dawa ya presha na ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi pamoja na prokainamaidi. Mwaka 1984 huko Uingereza kulichapishwa utafiti wa wagonjwa 281 waliotumia haidralazini. Kwa muda wa miaka mitatu, waliomeza miligramu 50 kwa siku hakuna hata mmoja aliyepata lupasi. Waliomeza miligramu 100, karibu 5 kati ya 100 walipata. Waliomeza 200, karibu 10 kati ya 100. Na kwa wanawake waliomeza 200, karibu 19 kati ya 100. Soma hiyo tena. Ni karibu mwanamke mmoja kati ya watano. Mtu akikwambia "hayo madhara ni nadra sana, usijali," muulize nadra kwa nani, kwa kiasi gani cha dawa, na kwa muda gani.

Hapo hapo niwatulize akina mama: haidralazini pia hudungwa kwa wadi za kujifungua mama akipata presha kali ya ujauzito, na hiyo sindano inaokoa maisha. Hatari ninayoizungumzia hutokana na kumeza kwa miezi mingi, si sindano ya siku hiyo. Ukiona mtu mtandaoni anawatisha wajawazito na hii habari, mpite.

Ya pili ni isoniazidi, ile tunayoiita INH. Iko kwa matibabu ya TB, na pia hupewa watu wanaoishi na virusi vya HIV ili wasipate TB. Wengi wanaoimeza damu yao huonyesha kingamwili za aina ya lupasi, lakini wanaougua kweli ni wachache mno. Kwa hivyo kipimo kuonyesha kitu hakumaanishi wewe ni mgonjwa.

Kuna dawa za kifafa, kabamazepini na fenitoini. Kuna kloropromazini inayotumika kwa magonjwa ya akili. Kuna metildopa, dawa ya presha inayopewa wajawazito wengi. Kuna minosaiklini ya chunusi. Zote zimetajwa, kila moja kwa uzito wake, na watumiaji wengi hawapati shida yoyote.

Halafu kuna aina inayotokea kwa ngozi. Mabaka au miduara yenye magamba inatokea kifuani, mgongoni na mikononi, hasa mahali jua linapopiga. Vitabu vingi vinasema mabaka ni mekundu, lakini kwa ngozi yetu nyeusi yanaweza kuonekana ya zambarau, kahawia au meusi zaidi, na hiyo peke yake inafanya yapitwe. Zinazotajwa hapa ni pamoja na haidroklorothiazidi, dawa ya presha inayokufanya ukojoe sana, ambayo mara nyingi ndiyo ile herufi "H" au "HCT" unayoiona baada ya jina la kidonge chako. Pia terbinafini ya ukungu wa kucha na ngozi. Na omeprazoli pamoja na ndugu zake. Ndiyo, omeprazoli. Ile tunayonunua kama peremende kwa sababu ya "ulsa," bila karatasi ya daktari, mwaka wa tatu sasa. Kule Marekani onyo la lupasi liko kwa maelezo rasmi ya dawa za kundi hilo. Hapa, bahasha inakwambia "1 x 2."

Kwa nini dawa moja imdhuru huyu na imwache yule? Sehemu ya jibu iko kwa ini. Haidralazini, prokainamaidi na isoniazidi huvunjwa na kimeng'enya kimoja kinachoitwa NAT2. Kuna watu wamezaliwa na kimeng'enya chenye kasi na wengine chenye polepole. Aliye na cha polepole hukaa na dawa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na kwa haidralazini na prokainamaidi ndiye huwa kwa hatari kubwa. Na hawa si watu wachache: Afrika na Ulaya wenye kimeng'enya cha polepole ni sehemu kubwa ya watu, ilhali Japani ni wachache. Huwezi kujijua kwa kujiangalia kwa kioo. Huwezi kujilaumu. Hukufanya kosa lolote. Unachoweza ni kuambiwa dalili ili ukiziona ujue mahali pa kuanzia.

Sasa tuje kwa ground. Lupasi ya dawa haichagui wanawake vijana kama ile ya kawaida. Huwapata wanaume na wanawake karibu sawa, na hasa watu wa umri mkubwa, kwa sababu wao ndio humeza dawa za presha na moyo. Fikiria mzee wa miaka 65 pale kijijini. Vidole vinauma asubuhi, magoti yanauma, amechoka, ana homa kidogo jioni. Tutamwambia nini? Tutamwambia ni uzee. Tutamwambia ni baridi. Tutampaka mafuta. Akienda kliniki ndogo, atapimwa malaria na taifodi, na unajua vile hiyo taifodi ya nchi hii hupatikana kwa kila mtu. Atapewa antibayotiki. Atarudi. Atapewa nyingine. Hakuna mtu amemwambia, "Mzee, hebu leta hizo bahasha zako tuone."

Kijana naye anaweza kuumia kwa njia tofauti. Anapimwa ANA kwa maelfu ya shilingi, inasoma chanya, anaambiwa "una lupasi." Anaanzishwa dawa za kushusha kinga, anaenda nyumbani akilia, anawaza kama ataolewa, kama atazaa. Lakini kipimo cha ANA husoma chanya kwa lupasi zote mbili. Hata kipimo cha kingamwili za histoni, ambacho watu hukitaja sana, husoma chanya kwa karibu wote wenye lupasi ya dawa lakini pia kwa wengi wenye lupasi ya kawaida. Maabara peke yake haimalizi hiyo kesi. Kinachosaidia kuimaliza ni historia: ulianza dawa gani, lini, dalili zikaja lini, na ilipobadilishwa kulitokea nini. Mgonjwa ndiye mwenye hiyo historia, na tumemnyima hata jina la dawa.

Najua mtakachoniambia. Nimeshasikia majibu matatu.

La kwanza: "Mkiwaambia watu madhara, wataacha dawa." Hili ndilo linaloniudhi zaidi, kwa sababu linavaa nguo ya huruma. Hebu tuangalie kinachotokea sasa hivi bila kuambiwa. Mama anameza dawa ya presha, viungo vinaanza kumuuma, hakuna aliyemwonya, hana wa kumuuliza. Anakaa na majirani, mmoja anasema "hizo dawa ndizo zinakumaliza." Anaziacha kimyakimya. Kliniki ijayo anaulizwa kama anameza, anasema ndiyo, kwa sababu anaogopa kugombezwa. Ameshaacha, buda! Ukimya wenu haukumzuia. Ulimnyima tu sentensi ya pili, ile inayosema: "Ukiona hivi, usiache mwenyewe, rudi tukubadilishie." Hiyo sentensi ya pili ndiyo inayomfanya mtu aendelee na matibabu, na haiwezi kusemwa kama ya kwanza haijasemwa.

Tena mnatuchukulia kama watoto. Mkenya huyu huyu anajua tofauti ya Fuliza na M-Shwari. Anajua riba, anajua makato, anaweza kukueleza penalti ya jana hatua kwa hatua. Huyo ndiye hawezi kuelewa "ukiumwa na viungo na homa baada ya miezi, rudi"?

Jibu la pili: "Lakini ni nadra." Kwa dawa nyingi, kweli ni nadra. Lakini onyo halipimwi kwa mara ngapi jambo hutokea peke yake. Linapimwa pia kwa gharama ya kulitoa na kwa faida ya kulijua mapema. Kutoa onyo hili kunagharimu sekunde ishirini. Kutolitoa kunaweza kumgharimu mtu mwaka mzima wa vipimo, nauli, kazi iliyopotea na dawa kali alizomeza bila sababu. Na hebu niulize: jambo lisiloulizwa, utajuaje ni nadra kiasi gani hapa kwetu?

La tatu: "Daktari ana wagonjwa themanini kwa foleni." Hili naliheshimu. Sina vita na daktari wala klinika aliyeanza kazi saa mbili na bado hajala chakula cha mchana. Wataalamu wa magonjwa ya viungo na kinga ni wachache nchi hii na wengi wako Nairobi. Ndiyo maana sitaki mzigo uongezwe kwa daktari. Nataka uwekwe kwa karatasi. Karatasi haichoki, na haina foleni.

Sasa nigeukie upande mwingine, kwa sababu kuna watu wamesoma hadi hapa wakishangilia kwa sababu mbaya. Wewe unayeuza unga wa mitishamba kwa TikTok, unayesema "dawa za hospitali ndizo zinaleta lupasi, tupa hizo, nunua yangu," usijifanye tuko timu moja.

Nilisema nitarudia, basi narudia: wengi wenye lupasi hawakuipata kwa dawa. Wanahitaji dawa zao ili figo zisife. Ukimwambia dada mwenye lupasi aache haidroksiklorokwini yake kwa sababu ulisikia kuna lupasi ya dawa, umemchanganya na ugonjwa mwingine, na figo zake ndizo zitalipa. Ukimwambia mgonjwa wa TB aache vidonge katikati, unamtengenezea TB sugu, yeye na watu anaolala nao nyumba moja. Ukimwambia mtu wa kifafa aache ghafla, anaweza kupata mitukutiko isiyokatika na afe. Ukimwambia wa presha aache, unamkaribisha kiharusi. Dawa hubadilishwa na daktari, kwa mpango, nyingine ikiwa tayari kuchukua nafasi yake.

Na "ya asili" haimaanishi salama. Alfalfa, majani yale yale yanayolishiwa ng'ombe wa maziwa, huuzwa kama unga wa afya. Ina kitu kinachoitwa kanavanini ambacho huchokoza mfumo wa kinga, na watu wenye lupasi huonywa wajiepushe nayo. Je, pakiti yako inasema hivyo? Basi na wewe uko kwa kesi moja na ile bahasha. Tena wewe ni mbaya zaidi, kwa sababu yeye alinyamaza na wewe ulidanganya.

Kuna mchanganyiko mwingine nataka kuutoa njiani. Septrin na dawa nyingine za salfa zinaweza kuamsha dalili kwa mtu ambaye tayari ana lupasi, kwa hivyo mwenye lupasi amwambie kila daktari kabla hajaandikiwa. Hilo ni tofauti na dawa kumletea lupasi mtu ambaye hakuwa nayo. Watu huyachanganya haya mawili kila siku, halafu mtu mzima wa afya anaogopa Septrin aliyopewa kwa sababu ya msingi kabisa.

Lakini niseme ukweli kuhusu hawa wauzaji. Wanapata soko wapi? Kwa ule ukimya. Mtu aliyeelezwa vizuri na mfamasia hana njaa ya kuelezwa na mtu aliyevaa koti jeupe la kununua. Kila mara kaunta inaponyamaza, TikTok inaongea.

Na hii si hisani tunayoomba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa na huduma, na haki ya kulindwa afya yake. Sheria ya Afya ya 2017, sehemu ya 8, inamtaka anayetoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, faida na hatari za matibabu, na amweleze kwa lugha anayoielewa. Lugha anayoielewa! Ile karatasi ya boksi iko kwa Kiingereza cha maabara, wakati mwingine na Kifaransa. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na bado kidonge kinachouzwa Gikomba hakijui kukisema.

Kwa hivyo madai yangu ni haya, na hakuna hata moja linalohitaji mkopo wa nje.

Bahasha ya dawa iandikwe jina kamili la dawa, kiasi chake na tarehe ya kuanza. "1 x 2" si jina la dawa. Kwa dawa zinazomezwa miezi na miaka, iongezwe mstari mmoja wa Kiswahili: "Ukipata maumivu mapya ya viungo, homa isiyoisha, maumivu ya kifua au mabaka ya ngozi, usiache dawa mwenyewe, rudi." Mhuri wa mpira unatosha. Unagongwa nyuma ya bahasha, kwisha.

Kliniki za presha, kifafa na TB ziulize hilo swali kila ziara: "Tangu tuonane, kuna kitu kipya mwilini?" Na kabla mtu hajaambiwa ana lupasi ya maisha, mezani kuwe na orodha ya kila anachomeza, hata cha kununua mwenyewe, hata cha mitishamba.

Na wale wanaoona madhara wayaripoti. Bodi ya Famasia na Sumu ina fomu ya njano kwa kazi hiyo na mfumo wa kuripoti mtandaoni, na mgonjwa mwenyewe anaweza kuripoti. Ni watu wangapi unaowajua wamewahi kuisikia? Hiyo fomu ingekuwa imebandikwa ukutani kwa kila kemisti, pale karibu na nambari ya kulipia, maana hiyo nambari huwa hawasahau kuibandika.

Wewe unayesoma, kabla sheria haijafika kwa kaunta yenu, fanya hivi leo. Chukua simu, piga picha kila dawa iliyo kwa nyumba, ya kwako, ya mathe, ya guka. Andika chini ilianza lini. Kwa kemisti, omba waandike jina, na uombe ile karatasi. Ni yako, ulilipia. Ukiwa na dalili mpya na unameza dawa ya muda mrefu, mwonyeshe daktari hizo picha na umuulize wazi: "Inawezekana hii dawa ndiyo inaniletea haya?" Usiogope atakasirika. Daktari mzuri hulipenda hilo swali. Na kama kifua kinauma ukivuta pumzi, au umevimba uso na miguu, usingoje kliniki ya mwezi ujao, nenda sasa.

Kisha usiache kidonge hata kimoja mpaka ujibiwe.

Wafamasia, najua mko hapa, na najua wengi wenu mnaeleza vizuri hata foleni ikiwa ndefu. Nawataka kwa komenti. Niambieni ni nini kinazuia mhuri wa mstari mmoja nyuma ya bahasha. Kama ni pesa, semeni ni ngapi. Kama ni mwenye duka, semeni. Na kama hakuna kinachozuia, basi anzeni Jumatatu.